Mwenza wa Maombi

Kanisani kwetu Matema, kila mwanzo wa mwaka akina mama tunapiga kura ya mwenza wa maombi. Majina yanatiwa kwenye chungu, unatumbukiza mkono, na utakayemtoa ndiye wako mpaka Krismasi. Kila Ijumaa mnakutana wawili, mnafunga mlango, kila mmoja anasema linalomchoma, mnaliombea, na linaishia palepale mkekani. Mwaka huu nilimtoa Lucy, mke wa Mzee Yakobo, mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Wenzangu wakanipigia vigelegele, wakasema, Atuganile, umepata mwombaji. Mwombaji nilimpata kweli.

Langu lilikuwa moja tu. Binti yangu Anyelwisye ana kifafa. Alianguka mara ya kwanza akiwa bado shule, ufukweni, tukiwa tunapakua udongo wa kufinyangia uliotoka Ikombe. Baba yake alikuwa hai wakati huo, akambeba mgongoni hadi hospitali. Tangu apewe dawa hajaanguka tena. Anakunywa vidonge vyake kila jioni, anafinyanga vizuri kuliko mimi, anaimba kwaya na kunijibu ovyo kama mabinti wa watu wengine. Lakini watu wetu ni walewale. Wanaamini povu la mwenye kifafa likikugusa umekwisha, na kwamba ukioa nyumba hiyo umejitwika balaa la ukoo. Kwa hiyo tulinyamaza.

Kisha Jackson wa Talatala akaleta posa. Kijana wa wakulima wa kakao, mwanakwaya, mpole mpaka unajiuliza kama anapumua. Nilifurahi, na palepale nikaogopa. Sikutaka mwanangu aingie nyumba ya watu kwa kujificha, ila sikujua nianzie wapi kuwaambia. Hilo ndilo nililolipeleka kwa Lucy. Nilimwambia, "Niombee nipate kinywa cha kuwaambia wakwe."

Naye Lucy alikuwa na lake. Mjukuu wake alipozidiwa na homa, badala ya kumpeleka hospitali alimbeba kwa siri kwa mganga, akachanjwa chale na kuvishwa hirizi chini ya shati. Kanisani kwetu hilo likijulikana unatengwa na Meza ya Bwana. Na mumewe, ambaye kila mara anasimama mbele ya watu kukemea hirizi, angevuliwa uzee wa kanisa mchana kweupe. Lucy alilia mkekani pangu mpaka nikamfuta machozi kwa kanga niliyokuwa nimejifunga. Hirizi tuliichoma pamoja jikoni kwangu.

Mshenga wao aliitwa Amon, mtu wa utani. Kwa kawaida angenisalimu "Ugonile!" akiwa bado barabarani, na kabla sijaitikia angeuliza kama kuna ndizi zimeiva. Jumatatu ile alikuja kimya, akakataa kiti. Mimi nilikuwa nasugua chungu kwa kokoto.

"Mama, nyumbani wamesikia neno," akasema. "Wanasema binti ana ugonjwa wa kuanguka, na kwamba mlidhamiria kutuficha. Jumamosi wanakuja, pamoja na baba yake Jackson. Ikiwa ni kweli, watadai warudishiwe ng'ombe wao wa mahari."

"Wamesikia kwa nani?"

"Kwa mama mmoja aliyekuwa kwenye mkutano wa akina mama pale Kyela. Mimi ni mjumbe tu, mama, usinikasirikie."

Aliondoka bila ndizi. Mimi nilibaki na kile chungu mapajani. Huku duniani waliokuwa wanajua ni daktari, mimi, mwanangu na Lucy. Hata Anyitike, mdogo wa marehemu mume wangu, hatukuwa tumemwambia. Na aliyekwenda mkutano wa Kyela kutoka mtaa wetu alikuwa mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kitakuwa kinasema amina huku kinakula. Nilikuwa nimefungua moyo wangu kama mtu anavyofungua mlango kwa mgonjwa, na mgonjwa akatoka na vyombo.

Nilipompa Anyelwisye habari zile hakulia. Alikaa chini ukutani, akakunja miguu.

"Mama, Jackson anajua," akasema. "Nilimwambia mwenyewe kabla hawajaleta posa. Nilimwambia vidonge, nikamwambia kuanguka, kila kitu. Akasema haoi vidonge, ananioa mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini ulimwambia Mama Lucy bila kuniuliza?"

Nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Lakini moyoni nilipata nafuu. Jackson anajua. Jumamosi atasimama aseme, na wale wazee wataona kwamba hakuna aliyedanganywa.

Anyitike alifika kesho yake kwa bodaboda kutoka Kyela mjini, ambako ana duka la mchele. Ndiye anayesimama mahali pa baba wa mtoto. Alikasirika kwamba tulimficha, akakasirika robo saa, kisha akala samaki wangu wote na akili ikamrudia. Anyitike ana akili, siwezi kumnyima. Akili yake ndiyo ile ya sokoni.

"Shemeji, hapa kazi ni ndogo," akasema. "Kwanza, tunakana. Tunasema ilikuwa degedege la utotoni, limekwisha. Pili, tunamuua nyoka kichwani. Huyo Lucy ndiye shina la habari. Akiharibika yeye, habari yake nayo imeoza. Nyie wanawake wa maombi mnajuana mpaka utumbo. Hujui lake lolote?"

Nilipaswa kusema hapana upesi, lakini nilinyamaza, na mfanyabiashara akijua una kitu hakuachi.

"Unalo!" Akapiga goti. "Kamwaga mboga, wewe mwaga ugali. Dawa ya moto ni moto. Hata hiyo Biblia yenu inasema jino kwa jino."

"Inasema na mengine baada ya hapo."

"Utayasoma baada ya harusi."

Msinione mtakatifu. Nilivutiwa. Nilijua shauri lile lingefaulu. Neno moja tu, mke wa mzee wa kanisa amekwenda kwa mganga, na kijiji kizima kingesahau kifafa kwa mwaka mzima. Wazee wa Talatala wangesema, kumbe aliyetuletea habari ni mshirikina, na mambo yangetulia. Nililiona lote, na lilikuwa tamu.

Nina desturi ya kusoma Mithali asubuhi, mlango kulingana na tarehe ya mwezi. Asubuhi iliyofuata ilikuwa tarehe ishirini na tano. Nikasoma nikiwa nimekunja uso, mpaka nikafika pale panaposema ujitetee na mwenzako mkiwa wawili, na siri ya mtu mwingine usiifunue. Nikafunga kitabu. Sikutaka hilo. Nikaenda kwenye Zaburi kutafuta zile za Daudi akiwa na hasira, anapomwomba Mungu awavunje meno adui zake. Nilizipata, nikazisoma kwa sauti, na zilinifurahisha. Lakini hata Daudi pale meno alimwachia Mungu ayavunje. Nikavaa kandambili, nikaenda kwa Lucy, na njia nzima nilikuwa nanung'unika.

Nilimkuta anageuza kakao iliyoanikwa kwenye mkeka. Mumewe hakuwepo.

"Lucy, siri yangu imefika Talatala."

Hakuuliza siri ipi. Mikono yake ilisimama kidogo kisha ikaendelea.

"Niliipeleka kwenye maombi, dada," akasema. "Pale Kyela waliuliza nani ana hitaji zito. Nikaona mimi peke yangu sitoshi kulibeba. Ungeona ukumbi ulivyosimama! Akina mama walimlilia mtoto wako kama wao ndio wamemzaa."

"Ulimtaja jina?"

"Sasa ombi lisilo na jina linakwenda wapi?"

"Lingekwenda kwa Mungu, Lucy. Jina analo, na nyumba anaijua. Uliwatajia wanawake."

"Nilifanya kwa upendo."

"Na hitaji lako mwenyewe ulilitaja? La mjukuu?"

Hapo akainamia kakao. Punje moja moja, kama anatafuta iliyopotea.

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, lakini sauti yangu ilitoka ndogo. Nilimwambia nina ombi moja kwake, na nikilipata nitakuwa nimeridhika. "Jumamosi mtakuja, wewe na Mzee. Wanasema nilidhamiria kuwaficha. Wewe peke yako ndiye uliyesikia nikiomba kinywa cha kuwaambia. Simama useme hivyo. Sema, Atuganile hakuwa anaficha, alikuwa anaomba njia. Hayo tu."

Aliacha kugeuza kakao, nami nikaanza kutumaini.

"Mzee ataniuliza kwa nini nilitoa siri ya mkekani," akasema mwishowe. "Kisha ataniuliza na mimi nilikuwa nakuambia nini. Unamjua. Siwezi, dada." Ndipo akanishika mkono, na macho yake yakawa ya mtu anayezama. "Lakini langu hutalisema? Sivyo?"

Nikauvuta mkono wangu. Nilikwenda na kidonda, akaniomba bandeji. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira mara mbili ya ile niliyokwenda nayo, na sitasema nilikuwa na amani, kwa sababu sikuwa nayo.

Jumamosi walikuja kwa gari la Noah, wazee wa Talatala wamevaa makoti. Tuliwakalisha barazani. Mzee Yakobo alikaa katikati na Biblia yake mapajani, Lucy nyuma pamoja na wanawake. Jackson alikaa kando ya baba yake, ameinamisha uso, nami nikadhani ni ile heshima ya mkwe.

Anyelwisye alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Kwetu binti akishachumbiwa hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami yeye. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba. Siku hizi wapo wanaolicheka jambo hili, lakini wazee wa Talatala hawamo. Kwa hiyo aliyekuwa anajadiliwa alisikia kila neno, na kusema hakuruhusiwa.

"Tuliomba mke wa kijana wetu," baba yake Jackson akaanza. "Hatukuomba mzigo. Tunauliza mara moja tu. Binti huyu ana kifafa au hana?"

Anyitike akasafisha koo. "Wazee, mtoto alipokuwa mdogo alipata degedege, kama watoto wote..."

"Shemeji, ngoja," nikasema.

Akaniangalia kama mtu aliyekatizwa akiwa ameshika bei nzuri.

"Anacho," nikasema. "Anakunywa dawa kila jioni na tangu aanze dawa hajaanguka tena. Nilipaswa kuwaambia mapema, na nilikuwa natafuta namna. Ndiyo hiyo."

Wazee wakaguna. Nilimtazama Lucy, nikampa nafasi. Alikuwa anakunja pindo la kitenge chake, anakunja na kukunjua. Badala yake aliyesema ni mumewe.

"Mama Anyelwisye," Mzee Yakobo akasema kwa ile sauti ya madhabahuni, "hili linatusikitisha. Nyumba ya mwamini haiwi na siri. Mimi na mke wangu hatuna linalofichwa. Tungekuwa nalo, tusingethubutu kuwatazama watu usoni."

Anyitike alinikanyaga mguu chini ya benchi. Alikuwa hajui siri yenyewe, lakini alijua wakati wake umefika. "Mwaga," akaninong'oneza. "Mwaga sasa!"

Nilikuwa nayo mdomoni. Nasema kweli, nilihisi uzito wake ulimini. Mzee Yakobo, muulize mkeo mjukuu alichanjwa wapi. Maneno machache tu. Nilimtazama Lucy, naye alinitazama, ameacha kukunja pindo, midomo imemkauka. Nilimchukia. Nilitamani aanguke pale mbele ya wageni kama mwanangu alivyoangushwa. Kilichonizuia si huruma. Nilikuwa nimelisoma lile neno mwenyewe, kwa macho yangu, na sikuweza kujifanya sikulisoma. Nikameza.

"Mzee umenionya, nimesikia," nikasema. Kisha nikamgeukia Jackson. "Lakini mwanangu, kwamba tulikuficha wewe, hapana. Anyelwisye alikuambia kabla ya posa. Waeleze wazee."

Jackson aliinua uso. Alimtazama baba yake, na baba yake akamkazia macho.

"Sikuambiwa, mama," Jackson akasema.

Alisema kwa upole uleule. Hata sauti haikutetemeka. Ya Lucy niliyategemea, nilikwisha kuyalia. Haya yalinikuta sijajiandaa.

Ndipo pazia likafunguka, Anyelwisye akatoka. Wanawake wakapiga ukelele, mmoja akamrukia kumrudisha ndani, yeye akamkwepa. Baba mkwe alivua kofia haraka akafunika uso wake, wazee wenzake wakageukia ukutani, kama desturi inavyotaka. Mwanangu alitembea wima, bila kujitanda kitenge, mpaka mbele ya kiti cha baba mkwe, akasimama.

"Toa kofia, baba," akasema. "Unaweza kunitazama. Mimi si mkwe wako."

Yule mzee alishusha kofia polepole, wakatazamana, na kwa kutazamana tu kule uchumba ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na haja ya hukumu ya mtu.

Anyelwisye akamgeukia Jackson. "Nitazame na wewe." Jackson hakumtazama. Akangoja, kisha akasema, "Haya. Baba mdogo, ng'ombe wa watu warudi leo."

Wageni waliondoka bila kula. Wali ulibaki kwenye sufuria, na samaki. Anyitike alizunguka uani akipiga teke maganda ya nazi.

"Nilikuambia," akasema. "Nilikuambia, shemeji! Hiyo Biblia yako imekukosesha mkwe mchana huu mbele ya watu."

Anyelwisye alimjibu akiwa jikoni, anasugua sufuria. "Baba mdogo, ungenipeleka kwa uongo wako, ningelala kitanda kimoja na yule mtu mpaka nife. Na siku ningeanguka, angesema tena kwamba hakuambiwa."

Anyitike akaacha maganda. Aliosha mikono, akala wali wa wageni, akaenda kusimamia ng'ombe. Mimi nilifarijika kidogo kwa maneno ya mwanangu, lakini faraja haikufika jioni. Jioni nilimsikia akilia nyuma ya nyumba, peke yake, kilio kile cha kujiziba mdomo, nami nilishika ukuta nisiende, kwa sababu hakutaka kuonekana. Kijiji kizima sasa kilijua. Watoto waliacha kuchota maji karibu naye. Kusema kweli kulikuwa na bei, na aliyeilipa si mimi.

Lucy alikuja Jumatano. Alipita njia ya nyuma, akanikuta nakanda udongo. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi, mkubwa, wa kupendeza, akautua mlangoni, akapiga magoti kama mtu anayesalimia wazee.

"Ndaga fijo, dada," akasema. "Asante sana. Nilijua unaweza kunimaliza, na hukunimaliza. Umenisitiri. Tangu Jumamosi sijaacha kumshukuru Mungu kwa ajili yako."

Nilimngoja. Niliona amefungua mdomo tena, nikadhani sasa neno la toba linakuja. Nilikuwa tayari kulipokea, nasema kweli. Mikono ilikuwa imejaa udongo lakini ningemshika hivyohivyo.

"Ndizi hizi ni mbivu kabisa," akasema. "Msiziweke sana."

"Na Anyelwisye?" nikamuuliza.

Akanitazama, amepigwa na mshangao wa kweli kabisa.

"Anyelwisye kafanyaje?"

Hapo ndipo nililia, mbele yake, jambo ambalo nilikuwa nimeapa sitalifanya. Nilipoweza kusema nilimwambia achukue ndizi zake, kwamba siri yake haitatoka kinywani mwangu mpaka nitakapokufa, na kwamba Ijumaa asije.